Pudini Iliyokuwa Ikipanda kwa Kapu

Mimi nilisema siandiki. Nilisema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili, na mara ya tatu Nusrat, mjukuu wa marehemu dada yangu, akaja na daftari jipya akaliweka juu ya ungo wangu wa mchele, kama kwamba mchele si kitu. Ati anakusanya habari za watu wa mtaa wetu, watu wa kawaida, si mabwana wakubwa, na habari ya Bi Ummkulthum na pudini hakuna aijuaye kama mimi. Basi kama ni mimi niijuaye, si ningeachwa niijue kwa raha zangu? Vidole vinaniuma, na skuli niliiacha darasa la tatu. Lakini nimeona nisipoandika mimi ataandika yeye, naye ataiharibu, kwa sababu hajui hata boflo la pudini linakatwaje. Kwa hiyo soma, na usinisahihishe.

Bi Ummkulthum ni mtu wa Kiponda, huku ndani ya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimesogeleana hata mtu akipiga chafya nyumba hii, wa nyumba ya pili humwombea dua. Alizaliwa Kikwajuni, akaolewa huku, na huku ndiko alikofiwa na mume na kuozesha binti. Miaka kumi na tisa alifanya kazi ya kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye ghala la karafuu. Kazi ile ilimwachia vitu viwili: mgongo mbovu, na pua. Pua ya Bi Ummkulthum ukipita nayo sokoni Darajani inakwambia mdalasini upi wa mwaka huu na upi umelala gunia tangu mwaka juzi. Wauza viungo wakimwona anakuja, wengine hufunika makopo.

Pudini yake ni ya mkate. Boflo la jana, si la leo, kwa sababu la leo likinywa maziwa linayeyuka. Halitolewi ganda. Hukatwa vipande vya vidole viwili, hulazwa katika maziwa ya ng'ombe yaliyochemka na sukari, hutiwa samli, iliki, kungumanga, zabibu, tone la vanila, na mayai saba yaliyopigwa hata yakatoa povu. Kisha huokwa. Watu wa Kiponda huijua kwa harufu, na siku ya Idd mosi utawaona wanapita chini ya dirisha lake polepole kuliko kawaida.

Sahani ya kwanza ya pudini ile haikuwa yetu sisi ndugu zake wala ya binti yake. Ilikuwa ya Bi Taramati.

Bi Taramati ni jirani wa ng'ambo ya pili ya kichochoro, ghorofa ya juu, Mbaniani, mjane wa fundi saa. Bi Ummkulthum aliona fahari kwa jambo hili. Majirani wengine, alikuwa akisema, wanapeleka biriani mpaka kwa Wabaniani, hawajui kwamba wale nyama hawali. Yeye anajua. Yeye anapeleka kitamu, mkate na maziwa, kitu kisafi. Basi kila Idd mosi, baada ya swala, huivika sahani kawa lake, husimama kichochoroni na nguo mpya, na kuita, "Taramatiii!" Juu dirisha hufunguka, kapu huteremka kwa kamba, sahani huingia kapuni, kapu hupanda. Siku ya pili kapu huteremka tena, na sahani imo ndani, imeoshwa, imejazwa ladu au chevda, vitafunio vya kwao, maana sahani ya watu hairudishwi tupu mtaani kwetu. Na pamoja na sahani huja neno.

"Shoga, mwaka huu nzuri sana, ila iliki imezidi kidogo."

Au: "Shoga, zabibu ukizirowesha kwanza zitanona."

Au: "Mwaka huu kungumanga imeitia adabu."

Bi Ummkulthum akisikia neno kama hilo hununa siku nzima. Mtu gani wa kumfundisha yeye iliki? Lakini mwaka ukizunguka, mwenyewe bila kusema, hupunguza iliki, hurowesha zabibu. Miaka ishirini na saba imekwenda hivyo, mpaka pudini ikawa kama iliyopikwa na watu wawili.

Sasa mwaka huu, mwezi baada ya Idd, ikaja habari kwamba Bi Taramati anahama. Magoti hayapandi tena zile ngazi, na mwanawe wa Dar es Salaam kasema basi, Mama aje akae kwake. Boti ni Jumamosi.

Bi Ummkulthum aliipokea habari ile amesimama jikoni na mwiko mkononi. Hakulia, maana yeye si mtu wa kulia mbele za watu. Alichosema ni hiki: "Miaka yote ananambia iliki hivi, zabibu vile. Sijamuuliza siku moja: weye mwenyewe, shoga, unapenda ladha gani?" Jambo lile likamkaa. Siku zote pudini ilipanda kwa kapu, dirisha likafungwa. Hajawahi hata mara moja kumwona Bi Taramati akiila. Akataka amwone, kwa macho yake, kabla ya Jumamosi.

Jumatatu asubuhi akapika pudini nne ndogo katika vikombe vinne vya kahawa vya harusi yake. Cha kwanza iliki tupu. Cha pili zafarani na maji ya waridi. Cha tatu kungumanga na ganda la chungwa lililoparuzwa. Cha nne tende na mdalasini. Akavipanga kwenye sinia, akavuka kichochoro, akaanza ngazi.

"Hodi!"

"Karibu, shoga! Ngoja nikuteremshie kapu!" ikajibu sauti ya Bi Taramati kutoka dirishani.

"Kapu la nini? Mie nshafika mlangoni kwako."

Ndani ilikuwa masanduku matupu na masanduku yaliyojaa. Hansa, mkwe wa Bi Taramati aliyekuja kutoka Dar kumsaidia kufunga mizigo, alikuwa chini sakafuni anafungia vikombe magazeti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Sogeza hayo magazeti." Bi Ummkulthum akaliweka sinia juu ya sanduku. "Taramati, kaa kitako. Hii iliki, hii zafarani na waridi, hii kungumanga na chungwa, hii tende na mdalasini. Onja zote, unambie ipi unaitaka. Ijumaa ntakupikia nzima ufunge safari nayo."

Bi Taramati akakaa. Akaviangalia vikombe vinne. Akakichukua kijiko, akakifuta kwa upindo wa sari, akakifuta tena.

"Zinapendeza," akasema.

"Sikukwambia uzitazame."

"Nimetoka kula sasa hivi, shoga."

"Kula nini? Sufuria zako zote zimo sandukuni, naziona."

"Basi ntakula baadae, nikitulia."

"Mie nimepanda ngazi thelathini na sita na goti hili. Kula sasa hivi, nnakutazama."

Bi Taramati akakifuta kijiko mara ya tatu. Hapo Hansa akainua kichwa, kwa adabu kabisa, akauliza, "Samahani Bi, zina mayai?"

"Yamo!" akasema Bi Ummkulthum kwa majivuno. "Kila kikombe yai zima la kuku wa kienyeji. Mie si bakhili."

"Lakini Mama hali mayai."

"Hali tangu lini? Daktari kamkataza?"

"Tangu kuzaliwa kwake, Bi."

Hansa akajua kafanya kitu, asijue nini, akarudi kwenye magazeti yake. Bi Ummkulthum alisimama palepale, na alivyonisimulia mwenyewe, mayai yote ya miaka ile yalimpita machoni moja moja. Nyama alikumbuka. Samaki alikumbuka. Yai hakulifikiria hata siku moja, maana yai likishapigwa halionekani.

"Taramati."

"Naam, shoga."

"Miaka ishirini na saba."

"Najua."

"Ungenambia!"

"Mwaka wa kwanza ulisimama pale chini na gauni jipya, unatazama juu, meno yote nje. Ningekwambia nini? Nikasema mwakani ntamwambia. Mwakani ikawa aibu ya miaka miwili. Mwaka wa tatu ikawa aibu ya miaka mitatu. Weye ungeweza?"

Bi Ummkulthum aliuliza jambo jingine, na hilo ndilo lililomtoboa.

"Nani aliyekuwa akiila?"

Bi Taramati akageukia chupa zake za achari, akaanza kuzipanga upya ingawa zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Haikutupwa hata tonge moja," akasema. "Haki ya Mungu, ililiwa yote."

"Na nani?"

"Ililiwa, shoga."

Bi Ummkulthum akalichukua sinia lake akashuka.

Chini ya ngazi zile kuna chumba kimoja cha mlango wa barabarani, na humo anashona Wakil, fundi cherahani. Sasa hapa lazima nikwambie. Bi Ummkulthum na Wakil walikuwa hawajasemeshana mwaka wa kumi na moja. Sababu ni gauni. Alimpa kitambaa amshonee gauni la harusi ya Salhiya, binti yake, na siku ya harusi gauni likagoma kupita mabegani. Alipokwenda kudai, Wakil, sindano mdomoni, mbele ya wateja, alimwambia, "Bi, kitambaa hakikupungua. Kilichoongezeka ni kingine." Tokea siku hiyo akipita pale hutazama ukuta wa pili.

Siku ile hakutazama ukuta, kwa kuwa alikuwa anaangalia ngazi asimwage vikombe. Wakil aliona sinia linashuka, mkono wa mwanamke umelishika, akafanya alilolizoea: akavuta saraka ya cherahani, akatia mkono baina ya vibiringo vya nyuzi na vifungo, akatoa kijiko. Ndipo akainua macho akaona ni nani.

Kijiko kikabaki hewani.

"Kijiko cha nini hicho?" akauliza Bi Ummkulthum. Neno la kwanza tangu harusi.

"Cha... mafuta ya cherahani."

"Wakil!"

"Basi cha pudini. Nilidhani mwaka huu kuna ya pili."

"Ni weye uliyekuwa unaila pudini yangu?"

"Mie nilidhani unajua!"

"Ningejua ningetia shubiri!"

"Ungetia shubiri ningesema shubiri imezidi," akasema Wakil.

Ndipo Bi Ummkulthum akaelewa yote. Akaliweka sinia juu ya meza ya kukatia. "Maneno yale. Iliki imezidi, zabibu zirowekwe. Yalikuwa yako?"

"Bi Taramati akinipa sahani huniuliza, 'Ikoje mwaka huu, fundi?' Nami humjibu. Mwaka unaofuata naikuta imekuwa vilevile nilivyotaka. Nikasema subhanallah, kumbe duniani kuna mtu ananisikiliza. Mke wangu ndani ya nyumba hanisikilizi."

Mtu mwingine angembwagia vikombe kichwani, na hata yeye mwenyewe aliniambia mkono ulikuwa tayari. Lakini kulikuwa na kitu kilichomkera zaidi kuliko hasira, nacho ni kutaka kujua. Miaka ishirini na saba alikuwa na mwonjaji asiyemjua, na sasa yuko mbele yake na kijiko mkononi.

"Haya," akasema. "Onja hizi nne. Na ukisema uongo nitajua."

Wakil akaonja. Ya iliki akasema, "Hii ndiyo yenyewe, ila leo iliki umeisaga na maganda." Kweli, aliisaga na maganda. Ya waridi, "Kama nnakula marashi ya bibi harusi." Ya tende, "Nzito, lakini nikiwa na njaa sitakataa." Ya kungumanga na chungwa aliimaliza.

"Taramati anapenda nini?" akauliza Bi Ummkulthum. "Weye uko chini ya jiko lake miaka yote hii, harufu zote zinakushukia."

"Harufu za vyakula vya mumewe zilinishukia, na mumewe alipokufa, za vyakula vya wageni. Chake mwenyewe sijui. Muulize."

"Nimemuuliza leo."

"Leo ulikwenda kumlisha," akasema Wakil, akageukia cherahani yake. "Kumuuliza bado."

Bi Ummkulthum akaondoka na vikombe vyake bila kuaga. Lakini ukuta wa pili hakuutazama.

Jumanne na Jumatano jiko la Bi Ummkulthum halikupoa. Bila ya yai, pudini inashikwa na nini? Hilo hakupata kujiuliza maishani. Kwanza akajaribu ndizi mbivu, akaziponda na kuzichanganya na maziwa. Ikatoka kitu cheusicheusi, cha kumpa mtoto anayeota meno. Akajaribu tui la kwanza la nazi, lile zito, na ndani yake akakoroga uwanga, ule unga mweupe wa kupikia uji wa wagonjwa. Hii ikashikana. Akaikata kwa kisu ikasimama wima. Akafurahi, akaonja, akatema.

Iliki ilikuwa inachoma kama dawa ya kikohozi. Vanila imepanda puani. Na vipimo vilikuwa vilevile vya miaka yote! Alikaa kitako kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akafikiri, kijiko kinywani. Kisha akaelewa, na aliponieleza mimi alikuwa bado anastaajabu. Yai lina shombo. Miaka yote alikuwa anatia viungo kwa nguvu ili vilifunike lile shombo, mwenyewe akidhani anatia ladha. Yai likitoka, hakuna cha kufunika, na viungo vinabaki vinapigana wenyewe kwa wenyewe. Ina maana hajui pudini hii mpya inataka nini. Anaanza upya, na umri wake huo, na kesho Alkhamisi.

Jambo la pili lilimjia wakati anaosha sufuria. Sufuria ile ile, Jumapili, ilichemshia supu ya mifupa. Akaiangalia. Hata akiisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, anajua mwenyewe ilichopikia, na Taramati hatauliza, ataipokea kwa mikono miwili, atashukuru, na itateremka kwa Wakil.

Dawa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chungu. Bi Ummkulthum hapiki jikoni kwa mtu. Aliapa hivyo tangu enzi za mama mkwe wake, aliyekuwa akifunua sufuria zake na kuongeza chumvi. Watu wamemwita kwenye harusi, kwenye maulidi, hadi Jang'ombe kwa ndugu zake, na jibu ni moja: pikeni nyinyi, mimi nitakula. Asubuhi ya Alkhamisi alikunywa chai vikombe viwili, akachukua boflo la jana na nazi moja na kijaluba cha uwanga, akavuka kichochoro. Zaidi ya hivyo, mikono mitupu. Hata mwiko hakubeba.

"Hansa," alisema mlangoni, "fungua sanduku la sufuria. Leo napikia huku."

Bi Taramati alitoka chumbani na kitana mkononi, nywele nusu zimesukwa. "Weye? Kwangu?"

"Usinifanye nirudie neno."

Oveni ilikwisha kuuzwa, lakini seredani ya mkaa ilibaki darini kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Hansa akaipandishia moto. Bi Taramati akatoa sufuria ya shaba ambayo nyama haijaijua, akaliuliza boflo maswali kama polisi: lina yai? lina mafuta gani? Bi Ummkulthum akaapa kwamba mwokaji yule hutia unga, chumvi, hamira na maji, na hata sukari humuuma. Kisha Bi Taramati akaleta kopo lake la viungo, lile la duara lenye vikopo saba ndani.

"Haya, shoga," akasema Bi Ummkulthum. "Leo nakuuliza. Unapenda ladha gani?"

Bi Taramati akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Sijui," akasema.

"Hujui vipi? Kinywa chako!"

"Marehemu alikuwa mtu wa iliki. Kila kitu iliki, mpaka chai ya mgonjwa. Watoto wakitaka zafarani, ionekane njano. Mie nilikuwa napika. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza."

"Basi tutauliza pua. Fumba macho."

Wakakaa darini, vibibi viwili, kopo katikati yao, Hansa anapepea moto na kujizuia asicheke. Bi Ummkulthum akamnusisha kikopo cha kwanza.

"Iliki," akasema Bi Taramati. "Ondoa. Nimeichoka, Mungu amrehemu yeye."

"Hiki?"

"Karafuu. Inanikumbusha jino."

"Hiki?"

"Mdalasini. Mmh. Si mbaya. Si yangu."

"Zafarani hii, ghali, ukiikataa mie naichukua."

"Ichukue."

Kikopo cha tano Bi Ummkulthum alikuwa anataka kukiruka. Ilikuwa shamari, vile vipunje vya kijani Wahindi wanavyotafuna baada ya kula. Bi Taramati akakamata mkono wake. Akanusa mara moja, akanusa tena, akafumbua macho.

"Hii."

"Hii dawa ya tumbo!"

"Hii. Nilipokuwa mdogo nikiiiba kwenye kopo la mama yangu, natia mfukoni, natafuna njia nzima mpaka skuli."

"Shamari katika pudini! Watu watasema nimerukwa na akili."

"Watu hawali. Nakula mimi."

Hapo Bi Ummkulthum akakichukua kikopo cha shamari, akanusa mwenyewe. Halafu akaomba chungwa. Kwa pua yake alikwisha kusikia kwamba shamari peke yake itakuwa tamu juu ya tamu na inataka kitu kichachu cha kuishika mkono. Hansa akaparuza ganda. Wakaikaanga shamari kidogo kwenye samli, ikapasuka na kunukia darini pote, mpaka Wakil akasikika chini akiita, "Nyinyi huko juu! Ni nini hicho?" Mkate wakauchovya kwenye tui na uwanga, wakautia sufuriani, wakafunika kwa sinia la bati na kupalia makaa juu na chini. Waligombana kuhusu makaa. Bi Taramati alisema ya juu yamezidi. Bi Ummkulthum alisema yeye amepalia makaa kabla Kiponda haijapata oveni hata moja. Upande mmoja ukaungua.

Walipofunua, ilikuwa imeshikana, rangi ya samli iliyoiva, na ukingo mmoja mweusi. Bi Ummkulthum akakata kipande, akakiweka kwenye kisahani, akampa, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Hakupepesa macho.

Bi Taramati akala tonge la kwanza. Akatafuna. Akala la pili. Bi Ummkulthum anasema alikuwa kama siku anasubiri kura ya kijumbe wa upatu.

"Haya, sema!"

"Shoga," akasema Bi Taramati, "sukari imezidi."

"Imezidi wapi?"

"Imezidi. Na huku kumeungua. Nilikwambia makaa."

"Huna shukrani, Taramati! Nimepanda ngazi zako mara mbili wiki hii, nimevunja kiapo cha miaka arubaini na mbili..."

"Na shamari ungetia zaidi," akasema Bi Taramati mdomo umejaa, akinyoosha kisahani. "Nipe kingine. Kile cha kona. Si kidogo hivyo, kata kama mtu!"

Bi Ummkulthum akakata kama mtu. Alikuwa anabishana bado, anasema sukari ni vijiko vinane tu na hakuna pudini duniani ya vijiko sita, na mkono wake unakata, na Bi Taramati anakula na kubisha, na Hansa mwishowe akaangua kicheko akatoka kwenda kukaa ngazini. Alipomaliza cha pili Bi Taramati akaivuta sufuria yenyewe, akakwangua ukoko ulioungua kwa kijiko, akautafuna wote. Hata hakusema ahsante. Bi Ummkulthum anasema Taramati angesema ahsante, angejua haikumpendeza.

Jumamosi akaondoka. Bi Ummkulthum hakwenda bandarini, ana goti. Jumapili simu yake ililia, na mimi nilikuwepo kwake, nikasikia sauti ya Bi Taramati kutoka Dar es Salaam, bila hata salamu: "Vijiko sita, shoga! Nimejaribu leo. Sita!"

"Saba!" akasema Bi Ummkulthum, na wakaendelea hivyo mpaka salio likakatika.

Ndiyo hiyo habari, nimeiandika, na mkono wangu sasa ni wa kutia maji ya moto. Wewe uliyeketi ukasoma bure, una kazi. Kuna mtu unayempelekea sahani kila mwaka, usiniambie hayupo. Nenda kwake leo, si kesho, ukamuulize kama anakula, na asipokula umuulize anapenda nini, na usitoke mlangoni kwake mpaka akwambie kweli. Kisha upike alichokisema, hata kama ni shamari, na uje kunieleza imekuwaje. Nyumba yangu ni ya mlango wa kijani, nyuma ya msikiti. Usipokuja, nitajua huna ubavu wa kuuliza.